Wanaokaa Kilimani: Historia ya Redio katika Nyanda za Kajiado

Kaunti ya Kajiado ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 21,900, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo humwonekea msafiri kuwa tambarare tupu. Ukiishika Barabara ya Namanga kutoka Athi River, ukapita Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Il Bissil hadi mpakani na Tanzania, macho huona mbali kuume na kushoto. Mgeni hudhani kwamba mahali palipo wazi hivi hapawezi kuificha sauti ya redio. Waliowahi kusimamia mbio au mkutano mkubwa katika nyanda hizi wanajua kwamba sivyo. Korongo la mita chache tu linatosha kumkatia mawasiliano mtu mwenye redio koli mkononi, asisikike na mwenzake aliye ng'ambo ya pili.

Sababu ni umbo la dunia na tabia ya mawimbi. Redio ya mkononi aghalabu hutumia masafa ya VHF, ambayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hayapindi sana kuufuata mgongo wa ardhi. Mafundi wana kanuni fupi ya kukisia upeo wake: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha uzidishe kwa 4.12, jibu ni kilomita. Mtu aliyesimama na redio mita 1.5 kutoka ardhini ana upeo wa kilomita 5. Akiinua antena juu ya mlingoti wa mita 10, upeo unafika kilomita 13. Akipanda Milima ya Ngong, ambayo kilele chake kina mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, atakuwa mita 700 hivi juu ya nyanda za Kajiado, na upeo wake unakuwa kama kilomita 109. Redio ni ile ile na nguvu yake haijaongezwa hata wati moja. Kilichobadilika ni kimo peke yake.

Kwa hiyo historia ya mawasiliano katika matukio ya umma ya Kajiado ni historia ya kutafuta kimo. Watu walikitafuta kwanza katika anga la juu kabisa, kwa mawimbi yanayogonga tabaka za mbinguni na kurudi. Wakakitafuta kwa ndege ndogo. Mwishowe wakakitafuta kwa mtambo unaopakiwa garini, unaopandishwa kilimani kwa siku mbili tatu, na kurudishwa nyumbani tukio likiisha. Mtambo huo ndio ripita, na waliouzoea kuliko wote ni waendeshaji redio wa ridhaa, watu wanaosomea leseni na kununua vifaa kwa fedha zao bila kutarajia malipo.

Mwaka 1953 ndio unaofaa kuanzia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari mwaka huo, bahari ilivunja kingo Uholanzi na pwani ya mashariki ya Uingereza. Waholanzi 1,836 walikufa, na Uingereza watu zaidi ya 300. Nyaya za simu zilikatika, na katika jimbo la Zeeland waendeshaji redio wa ridhaa waliziwasha redio zao na kuwa sauti ya vijiji vilivyozingirwa na maji. Uingereza ilijifunza kutokana na mkasa huo: kabla ya mwaka kwisha, waendeshaji wa huko walikuwa wameunda mtandao wao wa dharura, RAYNET. Mtandao huo ulianza kwa ajili ya majanga, lakini wenyewe waligundua haraka kwamba mtu hawezi kujifunza kazi ya dharura siku ya dharura. Wakaanza kuhudumia mbio za miguu, maonyesho na mashindano ya baiskeli, ili mikono izoee na sauti zitulie. Desturi hiyo, ya kufanyia mazoezi ya maafa kwenye sherehe, ndiyo inayoeleza kazi ya ripita za kubebeka.

Miezi minne baada ya mafuriko hayo, mbali sana na Zeeland, magari yaliondoka kwa vumbi katika Afrika Mashariki. East African Coronation Safari ilifanyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ilipewa jina la East African Safari Rally. Kwa miaka mingi ilifanyika Pasaka, yaani majira ambayo mvua za masika huanza kunyesha, na hilo ndilo lililoipa sifa yake. Vumbi la asubuhi liliweza kuwa tope jioni, na daraja lililopitika wakati wa kwenda liliweza kuwa limezama wakati wa kurudi.

Mashindano mawili yalibaki katika kumbukumbu kwa sababu hiyo. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hii pia yaliyomaliza yakawa 7. Nick Nowicki alishinda mara zote mbili kwa Peugeot 404, na wapenzi wa mashindano wanayataja magari hayo saba saba mpaka leo. Wachache huwafikiria wengine. Ukijumlisha miaka hiyo miwili, magari 163 hayakufika, na katika kila gari walikuwamo watu. Kulikuwa na waliovunjikiwa na ekseli, waliokwama mtoni, na waliojeruhiwa. Msimamizi wa mashindano alipaswa kujua nani yuko wapi, nani anahitaji daktari, na nani amelala salama chini ya mgunga akingoja asubuhi. Hilo ni swali la mawasiliano kabla ya kuwa swali la mbio.

Simu ya waya ilifika katika miji ya wilaya, ofisi za posta na baadhi ya vituo vya polisi. Kati ya kituo na kituo hapakuwa na kitu. Kilichoziba pengo hilo Afrika Mashariki kilikuwa redio ya HF. Masafa ya HF, tofauti na VHF, yanaweza kupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali na yalipotoka, yakaruka milima na mabonde bila kuzuiwa nayo. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, lilijenga huduma yake ya madaktari wa ndege juu ya redio za namna hiyo. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, kando ya mbuga ya Nairobi inayopakana na Kitengela, sauti zilikwenda na kurudi hospitali za misheni na zahanati za mbali. Muuguzi wa nyikani aliweza kumweleza daktari wa Nairobi hali ya mgonjwa na ndege ikapaa.

Masafa hayo hayo ndiyo yaliyokuwa makazi ya waendeshaji wa ridhaa. Kabla ya uhuru, vituo vyao vya Kenya vilijitambulisha kwa herufi VQ4, vya Uganda kwa VQ5, vya Tanganyika kwa VQ3 na vya Zanzibar kwa VQ1. Chama chao kilikuwa Radio Society of East Africa. Uhuru ulipokuja, kila nchi ilipata alama zake: Kenya ikawa 5Z4, Uganda 5X5, Tanganyika 5H3. Chama cha Kenya kikawa Radio Society of Kenya, na leo ni Amateur Radio Society of Kenya. Ni jamii ndogo, lakini kazi yake imesikika mbali. Kenya ina kimoja kati ya vituo 18 vya mradi wa kimataifa wa vinara vya redio: kituo hicho, 5Z4B, hupata zamu yake kila dakika tatu, kikatuma alama yake kwa sekunde 10, na nguvu ikipunguzwa kwa ngazi kutoka wati 100 hadi sehemu moja ya kumi ya wati. Anayekisikia kutoka Japani au Brazili hujua papo hapo kwamba njia ya mawimbi hadi Afrika Mashariki iko wazi. Hakuna anayelipwa kwa huduma hiyo.

Hata hivyo HF ilikuwa na mipaka yake. Antena zake ni ndefu, haziwezi kushikwa mkononi na mtu anayekimbia kuelekea ajali. Masafa yanayofaa mchana hayafai usiku, kwa kuwa tabaka za anga hubadilika jua linapotua. Tena HF husikika vizuri kilomita 300 kutoka hapo, na wakati mwingine ikashindwa kusikika kilomita 40. Kwa mtu anayesimamia tukio moja katika eneo moja, ilihitajika redio ndogo yenye sauti safi na upeo wa wilaya nzima.

Timu tajiri za Safari zilipata jibu la gharama kubwa. Mashindano yalipoingia katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, watengenezaji wa magari walikuja na bajeti nene, na ndege ndogo zikawa sehemu ya kikosi. Rubani alizunguka juu ya njia, na redio iliyokuwa ndani ya ndege ilipokea ujumbe kutoka gari moja na kuupeleka kwa mafundi waliongoja mbali mbele. Kwa kanuni ile ile ya kimo, ndege iliyo mita 3,000 juu ya ardhi ina upeo wa kilomita 225. Ndege moja juu ya Kajiado iliweza kuwasikia walio Nairobi na walio ng'ambo ya Namanga kwa wakati mmoja. Baadaye zikaja helikopta zilizotangulia mbele ya gari. Hilo lilikuwa jambo la uhai: tofauti na mashindano ya Ulaya, barabara za Safari hazikufungwa kwa watu wengine, hata katika miaka yake ya mwisho ya ubingwa wa dunia kabla ya mapumziko marefu. Mbele ya gari la mashindano palikuwa na ng'ombe, wanafunzi, matatu na malori. Mtazamaji wa angani aliona kundi la mifugo likivuka na kumwonya dereva kabla hajafika kwenye kona.

Lakini ndege huwaka mafuta, hutua usiku unapoingia, na humtumikia aliyeilipia. Mtoto aliyegongwa na pikipiki kando ya njia ya watazamaji hakuwa katika orodha ya wateja wake. Kimo hicho kilipaswa kupatikana kwa bei ambayo wilaya, shule, kanisa au kamati ya harambee ingeweza kuimudu.

Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuzaliwa. Katika miaka ya 1950 mwendeshaji wa ridhaa wa Los Angeles, Arthur Gentry, aliweka mlimani mtambo uliosikiliza katika masafa fulani na kurusha upya, papo hapo, kila ulichosikia katika masafa mengine. Kituo chake, K6MYK, kinahesabiwa kuwa ripita ya kwanza ya redio ya ridhaa. Uingereza ilipata yake ya kwanza, GB3PI ya Cambridge, mwaka 1972. Kazi ya ripita ni ile ya mchungaji anayepanda kichuguu: aliye chini humpa ujumbe wake, naye huupaza kwa wote walio bondeni. Redio dhaifu ya mkononi haihitaji tena kumfikia kila mtu. Inahitaji kuifikia ripita tu, nayo ripita huwafikia wote.

Ugumu wa mtambo huu uko mahali ambapo mtu asiye fundi hatapatarajia. Katika bendi ya mita 2, ambayo kwetu ni kati ya megahazi 144 na 146, ripita husikiliza kwa mfano kwenye 145.000 na kurusha kwenye 145.600. Tofauti ni kilohazi 600 tu. Mpokezi wake anatafuta sauti hafifu mno kutoka bondeni, na sentimita chache kando yake kirushi kinapiga kelele kwa wati 25. Bila kinga, ripita hujiziba masikio yenyewe: kila inapoanza kusema, haisikii tena. Kinga ni vichujio, mikebe mirefu ya metali ambayo fundi huisawazisha kwa subira mpaka upande mmoja upitishe sauti inayoingia na kuizuia inayotoka, na upande wa pili ufanye kinyume chake. Mikebe hiyo ni mizito, na mtikisiko wa barabara ya murram unaweza kuitoa kwenye usawa wake. Ndiyo maana wengi wanaohamisha mitambo yao huchagua njia nyingine: wanasikiliza katika bendi ya sentimita 70 na kurusha katika ile ya mita 2. Masafa hayo yameachana mno, hivyo kichujio kidogo kinachoshikika kiganjani kinatosha.

Mwaka 1982 ulimwengu ulikuja Nairobi kulizungumzia jambo hili kwa upana wake. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, ulifanya mkutano wake mkuu jijini kuanzia Septemba hadi Novemba mwaka huo, na kutokana nao iliundwa tume chini ya Donald Maitland. Ripoti yake, iliyokamilika mwishoni mwa 1984, ilisema jambo lililowashtua wengi: jiji la Tokyo peke yake lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Tume ilitaka kwamba kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 21, kila mtu awe karibu na simu. Wakati huo mchungaji wa Il Bissil aliyehitaji kupiga simu alitembea hadi mjini.

Lengo hilo lilitimia kwa njia ambayo tume haikuitabiri. Safaricom ilianza huduma zake mwezi Oktoba 2000, na minara ikapanda juu ya vilima vile vile ambavyo watu wa redio walikuwa wakivitamani. Mashindano nayo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 2002 dereva Colin McRae alishinda Safari kwa mara ya tatu, baada ya 1997 na 1999, na mwaka uliofuata mashindano yalikuwa yameondolewa katika ubingwa wa dunia. Yangerudi mwaka 2021, yakiwa na makao Naivasha. Mwezi Desemba 2003 Safari ya magari ya kale ilianza, na kwa miaka iliyofuata magari hayo yamezirudia njia za Kajiado na Amboseli. Kufikia wakati huo kila mtazamaji kando ya barabara alikuwa, au angekuwa karibuni, na simu mfukoni. Ilionekana kama redio koli imekwisha kazi.

Haikuwa hivyo, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba simu humuunganisha mtu mmoja na mtu mmoja. Msimamizi mwenye vituo 12 vya maji na magari mawili ya wagonjwa, akitaka kusema "simamisheni mbio", atapiga simu 14, na wa kumi na nne atasikia habari ikiwa imechelewa. Kwenye redio anasema mara moja na wote wanasikia, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake amesikia. Ya pili ni kwamba mnara wa simu umepimwa kwa watu wa kawaida wa mahali pale, si kwa umati wa siku moja. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalipolipuka kwenye mstari wa kumalizia wa mbio za Boston, mitandao ya simu ilielemewa na watu waliotafuta jamaa zao. Waendeshaji wa ridhaa, waliokuwa wamepangwa njia nzima kwa kazi ya kawaida ya kuhesabu wakimbiaji na kuita ambulensi, waliendelea kuzungumza. Walikuwapo tayari, ripita zao zilikuwa zimewashwa, na walikuwa wamefanya kazi hiyo hiyo miaka iliyotangulia.

Mahali pengine mtandao wenyewe haupo. Katika maandalizi ya uchaguzi mkuu wa 2017, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 vya kupigia kura nchini havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G. Nchi inayosifiwa duniani kwa kutuma pesa kwa simu ilikuwa bado na zaidi ya robo ya vituo vyake nje ya mtandao unaoaminika wa data.

Kajiado ina sura zote mbili za tatizo hili. Kitengela ni sura ya kwanza. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama mwaka 1988, viwanda vya eneo la mauzo ya nje vikafunguliwa Athi River katika miaka ya 1990, na malisho yakawa viwanja. Sensa ya 2019 iliukuta mji ukiwa na watu zaidi ya 150,000, na kaunti nzima watu 1,117,840. Mahali palipokuwa na nyumbu wanaovuka kwenda mbuga ya Nairobi sasa pana majumba ya ghorofa, uzio, na vifaa vya umeme ambavyo kila kimoja humwaga kelele kidogo angani. Redio ya mkononi iliyofika kilomita kadhaa juu ya nyasi haiwezi kutegemewa kuvuka mitaa hiyo. Mji mnene unahitaji ripita kwa sababu ya kuta zake.

Sura ya pili iko upande wa Kimana, chini ya Kilimanjaro. Huko, tangu 2012, hufanyika Michezo ya Olimpiki ya Wamaasai, iliyobuniwa ili morani washindane kwa kurusha mkuki na rungu, kuruka juu na kukimbia, badala ya kuua simba. David Rudisha, bingwa wa mita 800, ni mlezi wake. Michezo hiyo huwakusanya vijana, wazee, wageni na waandishi wa habari katika uwanja ulio nyikani. Milima ya Ngong haiwafai, maana iko zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo, nje kabisa ya upeo tuliouhesabu. Anayetaka kimo upande huo hutazama Vilima vya Chyulu, vinavyofika karibu mita 2,190. Namanga nayo ina mlima wake, Ol Doinyo Orok, wenye mita 2,548. Kila sehemu ya kaunti hii ina kilima chake, na fundi mzuri wa ripita huijua ramani ya vilima kama mfugaji anavyovijua visima.

Hebu tuifuate kazi yenyewe, tuseme kwa mbio za hisani zinazoanza Kitengela na kuzunguka kuelekea Isinya. Wiki kadhaa kabla, mtu hupita njia nzima akiwa na redio, huku mwenzake akiwa kilimani na mtambo, na kila bonde linaloleta ukimya linatiwa alama kwenye ramani. Huenda ikaonekana kwamba kuusogeza mlingoti mita 50 tu kunaondoa nusu ya alama hizo. Ruhusa ya mwenye ardhi hutafutwa, maana kila kilima cha Kajiado kina wenyewe, na mahali pengine pana mlinzi wa minara ambaye ni lazima aelezwe. Umeme huhesabiwa kwa penseli: mtambo unaovuta ampea 5 unaporusha na nusu ampea unaposikiliza, ukiwa unarusha theluthi moja ya wakati, huvuta wastani wa ampea 2. Betri ya ampea-saa 100 ikitumiwa nusu tu, ili isiharibike, itauendesha kwa saa 25. Paneli ya jua huongeza akiba. Kama ni Aprili, yuko mtu wa kutazama mawingu tu, kwa sababu mlingoti wa chuma juu ya kilima ni mwaliko kwa radi, na hakuna ujumbe unaostahili kumuua anayeushika mlingoti.

Kisha kuna toni. Ripita huwekewa mlio wa chini usiosikika masikioni, na haiamki mpaka isikie mlio huo ndani ya sauti inayoingia. Bila hivyo, kelele za mji na vituo vya mbali vingeifungua ovyo siku nzima na kumaliza betri. Redio zote za watu wa siku hiyo hutiwa toni moja, na huchaguliwa pia chaneli ya pili isiyopitia ripita, ili mtambo ukizimika watu wajue pa kukutana.

Baada ya vyuma huja nidhamu, na hapo ndipo ufundi wa kweli ulipo. Kituo kimoja huongoza. Anayetaka kusema hutaja alama yake na kungoja aitwe. Ujumbe ni mfupi: mahali, tukio, kinachohitajika. Mwenye dharura hukatiza na wote hunyamaza. Jina la mkimbiaji aliyezimia halitajwi hewani. Hutajwa namba ya kifuani mwake, kwa kuwa mazungumzo ya redio ya ridhaa hayafichwi kwa msimbo na yeyote anaweza kuyasikia. Kila ujumbe huandikwa pamoja na saa yake. Kazi hii haina kelele. Ikifanywa vizuri, wakimbiaji hurudi nyumbani bila kujua kwamba kulikuwa na watu kilimani tangu alfajiri.

Sheria nayo inataka heshima. Nchini Kenya leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kuweka ripita ni jambo la kuombewa idhini. Kanuni za kimataifa zinaieleza redio ya ridhaa kuwa ya kujifunza na kuwasiliana bila faida ya fedha. Kampuni inayoandaa tamasha la biashara haiwezi kuwafanya waendeshaji wa ridhaa kuwa mbadala wa bei nafuu. Inapaswa kulipia masafa yake yenyewe. Lakini mwaka 2003, katika mkutano wa Geneva, nchi wanachama wa ITU ziliongeza katika kanuni hizo maneno ya kuzihimiza serikali ziwawezeshe waendeshaji wa ridhaa kujiandaa kwa misaada ya maafa. Kujiandaa ndilo neno zito hapo. Mbio za hisani za Kitengela, michezo ya Kimana, magari ya kale yanayopita Il Bissil: haya ndiyo madarasa, na mafuriko ya Mto Athi au ajali ya usiku kwenye Barabara ya Namanga ndiyo mtihani.

Kaunti zetu zina kamati za maafa, mipango iliyoandikwa, na magari ya wagonjwa. Hatua nyingi katika mipango hiyo huanza na mtu kupiga simu. Ni vema yaongezwe mambo matatu yasiyo ghali: orodha ya vilima vya kaunti na wamiliki wake, mtambo mmoja wa ripita uliofungwa tayari na betri zake, na kundi la vijana wa vyuo vya ufundi waliosomeshwa mpaka wakapata leseni, wanaopanda kilimani kila kunapokuwa na tukio kubwa, hata kama kwa siku hiyo simu zote zinafanya kazi. Timu za Safari zililipa ndege na marubani kwa siku nzima ili kukipata kimo hicho kwa ajili ya gari moja. Kajiado inacho bure, juu ya Ngong, Chyulu na Ol Doinyo Orok, na inachohitaji ni watu waliofunzwa kukaa huko kwa ajili ya wote walio chini.